Mlango Unafungukia Wapi?

Mwezi Mei mwaka 2021 nilikwenda bandari ya Mwanza Kaskazini kukata tiketi mbili za meli, moja yangu na moja ya mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi mitano. Kila mwisho wa mwezi nilitenga fedha kidogo kutoka kwenye mapato ya duka langu la vifaa vya umeme, kwa sababu nilitaka jambo moja tu: mama asafiri daraja la kwanza. Daraja la pili sikulitaka, na daraja la tatu sikutaka hata kulisikia likitajwa.

Pengine anayesoma haya ataona ni jambo dogo. Watoto wengi huwalipia wazazi wao nauli nzuri, na ni baraka kufanya hivyo. Lakini mama alikuwa hajakanyaga meli kwa miaka 25, na mimi nilikuwa na sababu yangu ambayo sikuwahi kumweleza mtu yeyote, si mke wangu wala mchungaji wangu. Naiandika hapa kwa mara ya kwanza, nikiamini kwamba katika usharika wetu yupo mwingine aliyebeba mzigo unaofanana na wangu.

Sisi tunakaa Mabatini. Anayeijua Mwanza anaujua mtaa wetu: nyumba zimepandana mlimani juu ya mawe, mabati yanang'aa jua likichomoza, na njia nyingi ni ngazi tu ambazo watu wamezichonga au kuzijenga kwa mikono yao. Ukipanda juu ya mawe yaliyo nyuma ya nyumba yetu unaona kipande cha ziwa. Wazazi wangu walitoka upande wa Kemondo, mkoani Kagera, wakaja Mwanza kutafuta maisha. Mimi nilizaliwa hapa. Kwetu kwa asili nimekufahamu kwa safari, na zamani safari ya kwetu ilikuwa ni meli. Unapanda jioni, asubuhi umefika.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja wa kike, mama yangu mdogo. Huyo ndiye aliyetuunganisha na nyumbani. Alikuwa akifanya biashara ya ndizi: ananunua mikungu vijijini, anapandisha kwenye meli pale Kemondo, anauza Mwanza, anarudi na sabuni, mafuta na chumvi. Akifika anakaa kwetu siku mbili tatu. Nyumba ilikuwa inachangamka kwa kicheko chake. Alisafiri daraja la tatu siku zote, akilala juu ya mizigo yake au akikaa macho usiku kucha akizungumza na wanawake wenzake.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 14. Viatu vyangu vya shule vilikuwa vimeisha kabisa, na mwalimu alikuwa amenirudisha nyumbani mara mbili. Baba alikuwa hana kazi kipindi kile. Mama mdogo alipokuja mwezi wa Aprili nilimfuata faraghani nikamwomba aninunulie viatu. Akaniambia, "Nikija tena, mwanangu, nitakuja na fedha ya viatu. Nitabana nauli." Maneno hayo mawili, nitabana nauli, sijayasahau hadi leo.

Safari hiyo nyingine ilikuwa ya MV Bukoba. Meli iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei, ikapita Kemondo, na huko mama mdogo akapanda. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei 1996, kabla haijafika bandari ya Mwanza, ikapinduka. Waliokufa walizidi 800. Meli ile haikuzama mara moja. Kwa saa kadhaa ilielea ikiwa imegeuka juu chini, na waliofika pale walisimulia kwamba watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imebaki ndani ikatoka, nayo ikazama. Taifa likaingia katika siku tatu za maombolezo.

Mama alikwenda uwanja wa Nyamagana, ambako miili ililazwa ili watu watambue ndugu zao. Alikwenda siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakumwona. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa Igoma kwenye makaburi ya pamoja, na hadi leo hatujui kama mama mdogo yuko pale au alibaki ziwani. Baba akaenda kuulizia orodha ya abiria. Orodha ilikuwepo, lakini ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa hiyo hatukupata mwili wake, na hata jina lake hatukuliona likiwa limeandikwa mahali popote. Kwa miaka mingi mtu akimuuliza mama, "Una uhakika alipanda?" alikuwa ananyamaza.

Mimi nilikuwa na uhakika. Nilijua alipanda, nilijua kwa nini alipanda daraja la tatu, na nilijua ni viatu vya nani vilivyombanisha nauli.

Tangu mwaka ule mama alikwenda nyumbani kwa basi tu. Basi linapita Geita na Biharamulo, linazunguka ziwa safari ya kutwa nzima, na hata hivyo wakati ule ilikuwa lazima livuke maji kwa kivuko pale Kigongo kwenda Busisi. Mama alikuwa akifumba macho tangu kivuko kinapoondoka mpaka kinapogusa ng'ambo. Mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu 228 wakafariki, aliacha kabisa kusafiri. Akasema ataonana na ndugu zake kwenye simu.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 wajomba wakapiga simu kutoka nyumbani. Walikuwa wamekubaliana kwamba miaka 25 imetosha. Ndugu yao awekewe msalaba kwenye kibanja cha baba yao, hata kama chini yake hapana mtu. Walimwomba mama awepo. Nilidhani atakataa. Akakaa kimya siku mbili, siku ya tatu akaniita.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini nitakwenda kwa meli."

"Mama, basi lipo. Na daraja la Kigongo wameanza kulijenga, tungesubiri hata..."

"Nimesema kwa meli. Yeye alikuja kwa meli. Mimi nitamfuata kwa njia yake."

Hapo ndipo nilipoanza kuweka fedha. Nilijiambia ni heshima kwa mama. Moyoni ilikuwa ni kitu kingine. Nilitaka kulipa, mbele ya Mungu, ile tofauti ya nauli ambayo mama mdogo aliibana mwaka 1996.

Meli tuliyoikatia tiketi ilikuwa New Victoria. Mama aliijua tangu msichana, ikiitwa Victoria tu. Ilijengwa Scotland, ikasafirishwa kwa vipande mpaka Kisumu, ikaunganishwa huko, na ikaanza kazi ziwani mwaka 1961. Mwaka 2020 ilirudi majini baada ya ukarabati mkubwa.

Dirishani kulikuwa na foleni. Mbele yetu alisimama kijana mwenye begi la mgongoni akikata tiketi ya daraja la tatu. Alipomaliza tukasogea. Karani alikuwa binti mpole. Akamwamkia mama, "Shikamoo, bibi," mama akaitikia, kisha akatueleza kwamba vyumba vya daraja la kwanza vilivyobaki ni viwili na bei yake ni moja. Kimoja kiko upande wa ndani. Mlango wake unatokea kwenye korido, hakina upepo, hakina kelele, mtu analala vizuri. Kingine kiko pembeni. Mlango wake unatokea nje, kwenye njia yenye vyuma vya kushikia, na mbele yake pana nafasi ya kuweka kiti. Ukifungua unaliona ziwa, lakini upepo ni mwingi na watu wanapitapita usiku kucha.

Nikachagua cha ndani mara moja. Mama ana presha, na baridi humuumiza magoti. Tena niliogopa kwamba akiyaona maji usiku ataingiwa na hofu, nami nitakosa la kufanya.

Mama akanivuta shati. "Muulize, mlango unafungukia wapi?"

"Wa ndani unafungukia koridoni, mama. Huu mwingine ndio wa nje."

"Huo huo. Wa nje."

Nikaanza kumweleza habari za upepo na magoti. Akanikatiza kwa upole mbele ya watu wote. "Mwanangu, kwa miaka 25 kila usiku nikilala nasikia watu wanagonga. Usinifungie ndani."

Nikanyamaza. Karani naye akanyamaza. Kisha akachukua kalamu akauliza jina la mama, jina kamili, na namba ya simu ya ndugu aliyebaki nyumbani, akaandika. Nilikuwa nahesabu fedha, sikuzingatia lolote zaidi ya hapo.

Nasikia kwamba katika meli kubwa za utalii zinazozunguka bahari za mbali, hili la chumba ni jambo la kufikiriwa sana. Kipo chumba cha ndani kisicho na dirisha, kipo chenye dirisha, na kipo chenye roshani yake mwenyewe, ambako mtu anaweka kiti na kunywa chai akitazama mawimbi. Kila hatua ya kuelekea nje ina bei yake. Kwa watu hao roshani ni starehe, na sioni kosa kupumzika mbele ya uumbaji wa Mungu. Mama alipolipenda baraza lile dogo alikuwa anatafuta kitu kingine. Alitaka kujua kwamba kati yake na hewa pana mlango mmoja tu, na kwamba anaufungua yeye.

Tuliondoka usiku. Nilimtandikia kitanda, akakataa. Akachukua kitenge cha pili, akajifunika mabega, akaketi nje kwenye kiti cha plastiki nilichomwombea. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Taa za Mwanza zilizopanda milimani zikawa zinarudi nyuma taratibu. Nilijaribu kutambua Mabatini ni wapi, nikashindwa. Kutoka majini milima yote ya mawe yenye taa inafanana.

Baada ya muda akapita baharia mmoja mtu mzima. Mama akamwamkia, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kituo cha basi, "Baba, ile Bukoba ilizamia upande gani?" Yule baba akasimama. Akavua kofia yake, akanyosha mkono gizani. "Upande ule, mama. Una ndugu?" Mama akasema, "Mdogo wangu." Akabaki amesimama nasi kidogo, kisha akaomba ruhusa akaenda kazini.

Mama akalitaja jina la mdogo wake. Alilitaja lile la ubatizo, kisha lile la nyumbani ambalo sikuwa nimelisikia tangu nikiwa mtoto. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa namna ambayo mwanamume wa miaka 39 huona aibu, na katika kulia kule nikamwambia yote: viatu, Aprili, kubana nauli.

Mama alisikiliza mpaka nikamaliza. Nilitegemea aseme hakuna kosa, kama watu wanavyosema kufarijiana. Hakusema hivyo. Akaniuliza, "Umekaa na hilo tangu mwaka ule?"

"Ndiyo, mama."

"Na chumba hiki ndiyo unamlipa?"

Sikujibu.

"Sikia. Mama yako mdogo alipanda daraja la tatu kabla hujazaliwa. Angekuwa na fedha ya kununua meli nzima, bado angekwenda kukaa na wenzake kwenye mizigo. Viatu angekununulia, ndiyo, kwa sababu alikupenda. Hilo lipokee. Lakini wewe ulikuwa mtoto, na mtoto hatozwi nauli ya mtu mzima. Mungu hajakudai. Unalipa deni ambalo hakuna aliyekuandikia."

Tukakaa kimya muda mrefu. Nimehubiriwa msamaha tangu nikiwa shule ya Jumapili, na mimi mwenyewe nimeufundisha kwenye jumuiya. Nafikiri usiku ule ndipo nilipousikia kwa mara ya kwanza.

Saa sita usiku mama akataka kushuka chini. Akasema anataka kuona daraja la tatu. Nikamshika mkono tukashuka ngazi taratibu. Kulikuwa na watu wengi, wengine wamelala wakiegemeana vitini, watoto wamelazwa kwenye kanga, wanawake wawili wanakula chapati na kucheka. Mama akawasalimia, wakamsogezea nafasi. Akakaa nao kama anayewafahamu miaka yote. Yule kijana wa begi la mgongoni alikuwa kona moja, macho hajafumba. Mama akamwita.

"Mjukuu wangu, wewe ulikuwa mbele yetu dirishani. Yule binti alikuandika jina?"

"Ndiyo, bibi. Aliniandika."

"Jina lote?"

"Majina yote matatu, na simu ya baba."

Mama akaniangalia. Tulipokuwa tunapanda kurudi juu akasimama katikati ya ngazi kupumzisha magoti, akasema, "Hilo ndilo nililolijia. Nilimwona yule binti anamwandika. Nikasema kama wa daraja la tatu naye anaandikwa, basi nitapanda."

Kumbe mimi niliyekuwa nahesabu fedha za daraja la kwanza sikuona kilichokuwa kinatendeka mbele ya macho yangu. Mama alikiona.

Aliposinzia kitini, nilikaa macho nikiwaza habari za meli katika Maandiko. Yona alilipa nauli yake, tena Biblia inataja wazi kwamba alilipa, akashuka sehemu ya ndani kabisa ya merikebu akalala usingizi mzito. Mahali pake palikuwa pametulia, na hapakumfaa kitu. Bwana Yesu naye alilala chomboni wakati wa dhoruba, nyuma ya mashua, kichwa juu ya mto, humo humo walimokuwemo wanafunzi waliokuwa wanalowa na kuogopa. Na Paulo alisafiri kwenda Rumi kama mfungwa. Meli yake ilipovunjika kule Malta, Luka aliandika idadi ya watu waliokuwa ndani: 276. Humo walikuwemo askari, wenye chombo na wafungwa ambao askari walitaka kuwaua wasitoroke. Luka hakuwatenga. Akawahesabu wote pamoja, na wote wakafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Sitaki mtu aelewe kwamba nasema daraja halina maana. Duniani lina maana, na tusidanganyane. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, abiria sita hivi katika kila kumi wa daraja la kwanza waliokolewa. Wa daraja la tatu aliokolewa mmoja katika kila wanne. Maskini huwa mbali na mlango. Ndiyo maana kuandika majina ya watu wote, kuhesabu viti na kukataa mzigo uliozidi ni kazi takatifu, hata kama anayeifanya ni karani wa tiketi tu. Ninachosema ni kwamba Mungu hana abiria asiyekuwa kwenye orodha. Bwana aliwaambia wanafunzi wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni, na hakuwaambia yamepangwa kwa nauli.

Alfajiri tukafika Kemondo. Wajomba walikuwa wanatungoja gatini. Siku iliyofuata msalaba ukasimikwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, na jina lake kamili limeandikwa juu yake, pamoja na tarehe. Mchungaji wa kule alisali. Mama akaushika ule msalaba kwa mkono mmoja, akapitisha kidole juu ya kila herufi ya jina, kama mtoto anayejifunza kusoma. Siku ya kurudi tulipanda meli ile ile, na mama akalala kitandani usiku wote. Mlango aliuacha wazi kidogo.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo lililobaki, nalo linatuhusu sisi sote.

Mimi ni mzee wa kanisa. Daftari la jumuiya yetu linakaa kwangu. Mwaka 2019 tulipokuwa na michango ya ujenzi, niliwapigia mstari watu ambao hawakurudisha bahasha zao kwa muda mrefu. Hakuna aliyenituma. Niliona ni kuweka mambo sawa. Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja mjane aliyekuwa akikaanga maandazi chini ya mlima. Kwa kuwa hakuwa tena kwenye daftari, ratiba ya ibada za nyumbani haikufika kwake, na alipougua hatukwenda kumwona. Nilisikia baadaye kwamba alihama. Nikasema, "Mungu amtunze," nikaendelea na mambo yangu.

Niliporudi kutoka Kemondo nilifungua lile daftari, nikaona ile mistari niliyoichora kwa rula, imenyooka vizuri. Nikakumbuka baba akirudi bandarini mwaka 1996, akisema daraja la tatu halina orodha. Nikakaa chini.

Ilinichukua wiki tatu kumpata yule mama. Anakaa Igoma sasa, kwa binti yake. Nilipanda daladala nikaenda. Alinipokea, akaniletea kiti, akaniwekea chai. Nikamweleza kilichonileta. Akasema, "Mimi nilidhani mmenifuta."

Ningeweza kumjibu kwamba ni bahati mbaya, au kwamba daftari lilichakaa. Nikasema, "Ndiyo, mama. Nilikufuta mimi mwenyewe. Nimekuja kuomba radhi."

Alinyamaza, akageuza kikombe mkononi. Kisha akasema amenisamehe, lakini hatarudi kwetu, kwa sababu wakati wa ugonjwa wake waumini wa kanisa jingine la pale jirani walimwogesha na kumpikia, na sasa anasali nao. Nikasema wamefanya kazi yetu, na Mungu awabariki. Tukaomba pamoja. Nilirudi Mabatini nikiwa nimesamehewa, lakini nikiwa nimempoteza. Si kila kosa unaloungama linarudi kuwa kama halikutendeka.

Siku hizi simfuti mtu. Jina la asiyeonekana naliwekea alama ndogo pembeni, na maana ya alama ile ni kwamba mtu fulani aende akamwone. Yapo majina ambayo yana alama hiyo kwa miaka miwili. Tunaendelea kwenda.

Mama yupo, anamshukuru Mungu, magoti yanamsumbua. Mwaka 2023 meli mpya ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa kubeba abiria 1,200, iliposhushwa majini hapa kwetu, aliniomba nimpandishe juu ya mawe nyuma ya nyumba atazame lile jicho la ziwa. Kutoka pale meli haionekani, nami nilimwambia hivyo. Akasema si kitu, alitaka tu kutazama upande ule. Akakaa, akasali kimya kwa ajili ya wote watakaoipanda. Alipomaliza akaniuliza kama nadhani wataandikwa wote.

Nikamwambia ndiyo, mama, wataandikwa.

"Basi," akasema. "Nishushe, jua linazama."